Azimio Kuhusu Mswaki Mgumu

Azimio la Kamati Kuu ya Kwaya Kuhusu Uboreshaji wa Mwonekano wa Vinywa vya Waimbaji, kama Lilivyorekebishwa. Hilo ndilo jina la jambo lenyewe kwa ukamilifu wake. Jambo lenyewe lilikuwa mswaki.

Mtu mmoja alikuwa na kwaya. Nasema alikuwa nayo kama wengine wanavyokuwa na ng'ombe, kwa maana alijua kila jioni ni nani ameingia zizini na ni nani amebaki njiani. Aliitwa Elisaria Nanyaro. Alikuwa amestaafu ukatibu tarafa, na kwa kuwa serikali haimwachii mtu tarafa akaenda nayo nyumbani, usharika ulimpa uenyekiti wa kwaya. Akaushika kwa mikono miwili. Chini yake mazoezi yalianza na mahudhurio, yakafuata yatokanayo na mazoezi yaliyopita, kisha mengineyo. Na muda ukibaki, waliimba.

Ilikuwa kwaya ya watu wa mteremko wa Meru, upande ule ambao maji ya chemchemi ni baridi na matamu, lakini yana madini ya floraidi kupita yanavyohitaji meno. Mtoto akikua anayanywa, meno yake ya kudumu huota na madoa, mengine ya manjano, mengine ya kahawia kama chai iliyokaa kwenye birika. Kule mlimani hakuna anayeshangaa. Mama anayo, mtoto anayo, wakicheka wanafanana. Ni mpaka mtu ashuke chini ndipo anapoambiwa kwamba ana meno.

Basi walishuka. Palikuwa na tamasha la kwaya huko tambarare, nao walialikwa. Waliimba vizuri, hata waliokuja kuwashinda walilikubali hilo. Ubeti wa pekee, ule wa mtu mmoja, uliimbwa na Anandumi Akyoo, mshonaji wa sare za shule, mwanamke ambaye sauti yake ilipanda juu bila kupiga hodi. Alipoimba alifungua mdomo wote, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha namna nyingine ya kuimba.

Wakati wa chakula Mwenyekiti alikuwa kwenye foleni ya pilau, sahani mkononi, aliposikia nyuma yake waimbaji wawili wa kwaya ya wenyeji wakizungumza.

"Jamani, hawa wanaimba kama malaika."

"Malaika wasiojua mswaki," mwenzake akajibu. "Umemwona yule mama wa mbele? Nikadhani anaimba na karanga mdomoni."

Wakacheka. Mwenyekiti hakugeuka. Alipokea pilau yake, akaila kwa midomo iliyobana, jambo ambalo si rahisi. Yeye naye alikulia kwenye chemchemi ileile. Katika miaka yake yote ya utumishi hapakuwa na picha hata moja inayomwonyesha akicheka, na wenzake ofisini walidhani ni ukali wa kazi.

Siku ya mazoezi iliyofuata hawakuimba kabisa.

"Ndugu wajumbe," Mwenyekiti alisema, "tumedharauliwa. Na kilichodharauliwa si sauti."

Watu wote wakamtazama Anandumi, kisha kwa adabu wakatazama sakafu. Hakuna aliyemweleza yaliyosemwa kwenye foleni, lakini maneno ya namna hiyo hayahitaji kuelezwa. Yalikuwa yamepanda mlima katika gari lilelile alilopanda yeye.

Hoja ilijadiliwa kwa kina. Mmoja aliuliza kama haiwezekani kuimba nyimbo zenye herufi za kufunga mdomo. Mwingine alipendekeza wapiga picha wasimame mbali. Mwishowe ikakubalika kwamba tatizo ni uchafu na dawa ya uchafu ni mswaki, na mtu akatumwa dukani. Alirudi na miswaki ya namna tatu: laini, ya kati, na migumu.

Sasa, kamati inayojiheshimu haichagui kwa macho. Ilitakiwa jaribio. Mjumbe mmoja akaenda jikoni kwa mhudumu wa usharika, akaleta sufuria ambayo chini yake palikuwa na masizi tangu ujenzi wa kanisa. Mswaki laini ukasuguliwa. Masizi hayakuwa na habari. Mswaki wa kati ukasuguliwa. Ukaacha alama kama ya paka aliyepita. Kisha Mwenyekiti akavua koti, akaushika mswaki mgumu mwenyewe, akasugua mpaka alumini ikaonekana inang'aa, duara dogo jeupe kama mwezi. Wakapiga makofi.

"Doa gumu, mswaki mgumu," alisema Mwenyekiti akivaa koti. "Hiyo ni sayansi."

Ikaazimiwa kwamba kila mwimbaji atumie mswaki mgumu, na kwamba meno yakaguliwe kabla ya mazoezi. Kuhusu mkaguzi hapakuwa na mjadala. Aliteuliwa Ndewirwa Sarakikya wa sauti ya besi, ambaye meno yake yalikuwa meupe kama vikombe vipya.

"Mfano wetu tunao hapahapa," Mwenyekiti alisema.

Meno ya Ndewirwa yalikuwa ya bandia na kila usiku yalilala kwenye glasi. Wote walilijua hilo, lakini kikao kilikuwa kirefu, na yeye mwenyewe hakuona sababu ya kukichelewesha zaidi.

Ukaguzi ulifanyika mlangoni. Ndewirwa alisimama na tochi.

"Fungua."

"Nimefungua, Mkaguzi."

"Fungua kama unaimba, bwana, si kama unamnong'oneza shemeji yako."

"Na wewe unakaguliwa na nani?" aliuliza mmoja wa watenori.

"Mimi nakaguliwa na Mungu."

"Basi mwambie asisahau kupitia na kwenye glasi."

Wakacheka mpaka wa mwisho kwenye foleni, naye mtenori akapewa onyo la kwanza. Tangu siku hiyo watu waliokuwa wakifika mazoezini wakiimba njiani walianza kufika kimya, wakipitisha ulimi ndani ya mashavu.

Anandumi hakuhitaji tochi. Aliujua mdomo uliotajwa kwenye foleni ya pilau. Alisugua asubuhi kabla ya chai, alisugua mchana akiiacha cherehani, alisugua jioni. Alisugua kwenda na kurudi kwa nguvu ya bega, kama asuguavyo sakafu ya saruji. Mtu akamwambia mkaa uliosagwa unasaidia, akaongeza mkaa. Mwingine akataja majivu, akaongeza majivu. Povu lilianza likiwa jeupe, likawa la waridi, likawa jekundu. Alipoliona jekundu alifarijika; alidhani uchafu umeanza kutoka. Mtu akishaambiwa kuwa ni mchafu, hata damu yake mwenyewe huihesabu kuwa ushahidi.

Madoa hayakusogea. Kilichosogea ni ufizi. Ulikuwa unapanda kidogokidogo na kuliacha jino, kama maji yanavyoacha ukingo wakati wa kiangazi, bila mtu kusema kwamba leo ndiyo siku yenyewe. Mkaguzi aliliona jambo hilo na hakulificha. Alisimama mbele ya kwaya akatoa taarifa kwamba meno ya Dada Anandumi yameonekana kurefuka, nayo ni dalili njema, maana sehemu iliyokuwa imejificha sasa inafikiwa na mswaki. Wakampigia makofi. Anandumi akainama kwa shukrani.

Kuhusu Mwenyekiti lazima nitende haki: hakuwa mnafiki. Hakumtwika mtu mzigo ambao yeye mwenyewe hakuubeba. Alisimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kikombe cha maji mkono mmoja na mswaki mkono wa pili, na alivyosugua hata jirani alisikia.

"Baba Ndetaulwa," mkewe alimwuliza siku moja kutoka dirishani, "unapiga mswaki au unachimba msingi?"

"Endelea na shughuli zako, mama."

"Na hiyo nyekundu hapo chini?"

"Ni rangi ya dawa ya meno."

Dawa ya meno alikuwa ameinunua mkewe, na ilikuwa nyeupe. Mwenyekiti akafukia pale kwa ncha ya kiatu, akasukutua, akaenda kuongoza kikao.

Mwezi wa sita mlima hujifunika wingu, na upepo unaoshuka huko juu huwa hauna huruma. Mwimbaji havuti pumzi kwa pua, wimbo haumsubiri. Anafungua mdomo, anameza hewa nyingi kwa mara moja, anaanza. Anandumi alifungua mdomo kwa ajili ya ubeti wake kama alivyofanya maisha yake yote, hewa ya baridi ikagusa mashina ya meno yaliyobaki wazi, ikamchoma kama sindano ya cherehani inapopita kwenye kidole. Akaufunga.

Mwalimu wa kwaya akasimamisha kinanda. "Rudia hapo, dada."

Alirudia. Safari hii alivuta kwa pua, akachelewa, na sauti ilipotoka ilikuwa fupi, ikakatika kabla haijafika ilikokuwa ikienda.

"Una mafua?"

"Hapana, mwalimu."

"Una nini basi?"

"Sina kitu."

Na ni kweli alikuwa karibu hana kitu. Mwanamke huyu hakuwa na cheo, hakuwa na shamba la kutajwa, na sare alizoshona zilibeba majina ya wengine, si lake. Alikuwa na ubeti ule. Jubilei ya usharika ilikuwa inakuja, na siku hiyo wimbo ungerekodiwa kwa video. Asiyeweza kuuimba siku ile ubeti umempita, na mtu mwingine ndiye atakayeonekana akiuimba kwa muda wote ambao watu wataitazama.

Akashuka hospitali. Tabibu wa meno alikuwa mwanamke kijana kutoka kusini, Tekla Haule.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae. Tatizo nini?"

"Marahaba. Siwezi kuvuta pumzi."

"Hapa ni meno, mama. Mapafu ni mlango wa kule mwisho."

"Ni meno yanayonizuia."

Tabibu akamlaza kwenye kiti, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko Ndewirwa na hakusifia urefu. Kisha akauliza anatumia mswaki gani. Anandumi alikuwa nao, ameufunga kwenye leso. Tabibu aliupitisha nyuma ya kiganja chake mwenyewe, ukaacha mistari.

"Huu ulikuja na kopo la kiwi ya viatu?"

"Umepitishwa na kamati."

"Kamati ya nini?"

"Ya kwaya."

Tabibu akauweka mezani taratibu. Akavuta kiti akakaa karibu.

"Mama, hiyo rangi si uchafu. Ni maji uliyokunywa ukiwa mtoto. Yaliingia ndani ya jino kabla jino halijatoka. Hakuna mswaki unaofika huko. Kazi ya mswaki ni kuondoa utando unaokaa hapa, jino linapokutana na ufizi. Na hapa ni mahali palaini, panataka kitu laini."

Akamwonyesha. Nyuzi laini zenye ncha za mviringo. Kichwa kidogo kinachoweza kugeuka nyuma ya jino la mwisho. Ushikwe kwa vidole kama kalamu, usishikwe kwa ngumi kama mpini wa jembe. Uelekezwe kwenye ufizi kwa upande, uzungushwe kidogokidogo bila kukandamiza. Na nyuzi zikianza kutawanyika kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, ununuliwe mwingine. Mkaa na majivu vibaki jikoni. Akampa na dawa ya meno ya wenye mashina yanayochoma.

"Na ufizi utarudi?" Anandumi aliuliza.

Tabibu hakumdanganya. "Ulioondoka haurudi, mama. Uliobaki utalishika jino, ukiacha kuuchuna. Na huko kuchoma kutapungua polepole. Utavuta pumzi."

"Na weupe?"

"Weupe una mambo yake, tunaweza kuzungumza siku nyingine. Ila mkitaka watoto wenu wawe na meno meupe, msianze na mswaki. Anzeni na maji mnayowapa."

Katika vikao vyote vya kwaya ile, maji hayakuwahi kuwa ajenda. Yalikuwepo mezani, kwenye jagi, na wajumbe waliyanywa huku wakijadili.

Ninyi mnaonisikiliza ni watu wazima. Mna watoto, mna wake na waume, na wengine wenu mna watu chini yenu kazini. Mara ngapi mmemtazama mtu, mkaona juu yake rangi aliyonyweshwa kabla hajajua kuchagua, mkaiita uchafu, mkaenda kutafuta kitu kigumu? Na alipotoka damu, ni nani kati yenu hakupiga makofi?

Lakini nirudi kwenye mswaki.

Anandumi alirudi mlimani na mswaki wake mdogo, akautumia bila kumwambia mtu. Hakupata shida mlangoni, kwa maana azimio lilisema meno ndiyo yakaguliwe, halikusema miswaki. Kuchoma kulianza kupungua kama alivyoambiwa. Wakati huohuo Mkaguzi aliripoti kwamba katika safu ya mbele maendeleo yamesimama, meno ya fulani hayarefuki tena, na kuna shaka ya uzembe. Kikao kikaitwa. Azimio likarekebishwa: tangu sasa kila mwimbaji aje na mswaki wake, uonekane.

Siku ya utekelezaji walipanga mstari wakiwa na miswaki mikononi kama watu wanaokwenda kupaka nyumba chokaa. Ilipofika zamu ya Anandumi akatoa wake kwenye leso. Ndewirwa akauinua juu kwenye mwanga.

"Huu ni wa mtoto wa chekechea!"

"Hata chekechea wataukataa," mmoja akasema.

"Kuku ndiye wa mswaki huo!" mtenori yuleyule akadakia, na watu wakaangua kicheko.

Mwenyekiti hakucheka, mnajua kwa nini. Akaja mbele, akauchukua mswaki, akaugusa kwa kidole gumba. Nyuzi zikalala.

"Dada Anandumi, kamati ilifanya jaribio. Wewe ulikuwepo. Mswaki laini ulishindwa mbele ya macho yetu sote."

"Ulishindwa na sufuria, Mwenyekiti," Anandumi alisema. "Sufuria haina ufizi."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mmoja mmoja, katika mdomo uliofungwa, ulimi ulikwenda pale panapouma ukakaa. Ni Ndewirwa peke yake ambaye hakuwa na pa kuupeleka.

Mwenyekiti akafungua mdomo amjibu. Mlango ulikuwa wazi, upepo ukaingia, akaufunga tena na kushika shavu. Halafu akasema kile ambacho mtu husema anapokuwa na cheo na hana jibu.

"Utaratibu ufuatwe."

Utaratibu ulikuwa kwamba asiyetimiza azimio atahamia safu ya nyuma mpaka atakapotimiza. Ubeti ukapewa Eliakunda, mwimbaji wa sauti ya kwanza, dada mtiifu ambaye hakukosa ukaguzi hata mara moja, na ambaye meno yake yalikuwa yamerefuka kwa namna iliyomfurahisha Mkaguzi. Naye Eliakunda alitaka kukataa. Midomo yake ilisogea. Lakini ubeti ni ubeti.

Mswaki mgumu ulikuwa bado mkobani mwa Anandumi. Angeweza kuutoa pale pale, akasema alikuwa anatania, akabaki mbele. Alichukua kiti chake akaenda nyuma.

Alipotoka mazoezini siku ile, mke wa Mwenyekiti alimsubiri njiani kwenye kona ya ua. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto na za mahindi. Kisha mama yule akasema, kana kwamba ni jambo la mwisho katika mengi, "Huo mswaki wako mdogo, mwenzangu, unapatikana duka gani?" Anandumi akamwambia.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa. Wageni wa tambarare walikuwepo, wakiwemo wale wa foleni ya pilau, waliopewa viti vya mbele kwa heshima. Mlima ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni. Wapiga video walipoona ndani ni giza waliomba milango yote mikubwa ifunguliwe, ya mbele na ya ubavuni, na ikafunguliwa, na upepo ukaingia kama mwalikwa aliyechelewa. Mwenyekiti alisimama na kwaya yake, mwisho wa safu ya mbele, mahali ambapo alikuwa akisimama ili aweze kumwonyesha mwalimu kwa mkono kitu chochote kikienda kombo.

Azimio lenyewe halijafutwa mpaka leo. Maazimio hayafutwi, hukoma kutajwa. Baada ya jubilei ukaguzi uliahirishwa wiki moja kwa sababu ya mvua, wiki nyingine kwa sababu ya msiba, halafu pakawa hakuna anayekumbuka ni lini ulipaswa kuendelea. Muuza duka aliwaeleza watu kwamba hajui kilichowapata, miswaki laini inakwisha kabla hajaipanga, na ile migumu inanunuliwa na mafundi viatu. Nyumba kadhaa ziliweka matangi ya kukinga maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo. Hakuna kikao kilichoamua hilo.

Kuhusu siku ya jubilei, taarifa ya kamati kwa baraza la wazee ilisema kwamba ubeti wa pekee uliimbwa kutoka safu ya nyuma kwa makusudi ya kisanii, ili sauti ipate kulijaza jengo, na kwamba mpangilio huo ulibuniwa na Mwenyekiti.

Kilichotokea ni hiki. Ubeti ulipofika, Eliakunda alifungua mdomo, upepo ukamchoma, akaufunga na machozi yakamtoka. Mwalimu akarudia kwa kinanda sauti za kuingilia ubeti mara moja, akarudia tena. Anandumi akavuta pumzi kule nyuma na kuanza kuimba. Mpiga video akamgeuzia kamera, na watu wa safu zilizokuwa mbele yake wakainama ili aonekane. Mwenyekiti angeweza kuinua mkono, naye hakuuinua. Anandumi akaimba mpaka mwisho, mdomo wazi, na meno yake yakaonekana, ya kahawia.